Herufi Tatu za Maftah

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Heshima imenifuata mpaka dukani! Mushagalusa, Mkongo aliyenunua ukumbi wa michezo ya mashine hapa Kamwokya, Kampala, mwaka juzi, amekuja kuniambia kwamba rekodi yangu kwenye mashine ya nyuki, ule mchezo wa kuwapiga risasi nyuki kwenye kioo, imetimiza miaka kumi na miwili. Pointi 486,210. Hakuna aliyeifikia. Jumamosi mtangazaji wa redio, Princesse, atakuja kunihoji. Kwa furaha nimempa Mushagalusa mto mmoja wa kulalia kati ya ninayouza, bure. Akiwa mlangoni akaongeza kwamba nitacheza mbele ya watu. Nimetamani kumnyang'anya mto.

Sijaigusa mashine ile tangu 1991. Na hata 1991 sikuigusa vya kutosha. Nilifika pointi elfu tisini, nimebakiwa na roho moja, tumbo likachafuka. Nikamwomba Adyero, msichana aliyeuza soda pale ukumbini, anishikie kijiti cha kuchezea nikimbilie chooni. Niliporudi alikuwa ameangamiza nyuki wa dunia nzima. Mashine ikataka herufi tatu za jina. Akabonyeza A. Nikamsukuma mkono, nikaifuta, nikaandika MAF. Watu wakanibeba juu juu. Yeye akarudi kuosha glasi.

Nilikuwa nimepanga kumposa mwezi ule.

Jumanne, 5 Agosti
Mbinu: mkono umeteguka. Nimeufunga kitambaa, nikapita mbele ya ukumbi nikigumia. Mushagalusa amenipa pole nyingi, hata akanifuata nyumbani jioni na chungwa. Hapo dada yangu Firdaus akauliza kwa nini asubuhi ulikuwa wa kushoto na sasa ni wa kulia.

Jumatano, 6 Agosti
Redio imetangaza: anayejiona bingwa aje Jumamosi amkabili Maftah. Mushagalusa anasugua viganja. "Batu bote banakuja, ndugu!" Sijala. Luzira nako wanasikiliza redio. Adyero siku hizi anaishi Luzira, upande wa pili wa jiji.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda Luzira. Anashona sare za shule. Ana cherehani tatu, na siku hizi anavaa miwani. Nilikuwa nimebeba neno moja tu: nisamehe. Nimelirudia njia nzima, mpaka dereva wa boda boda akaniambia amenisamehe.

Adyero hakusimamisha cherehani. Alisema pointi alishazisahau zamani.

"Lakini wewe ulisukuma mkono yangu," akasema. "Kama ungeomba, ningekupa tu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno liko mdomoni, mwenyewe yuko mbele yangu. Nikamwuliza kama angeweza kutokuja Jumamosi.

Cherehani ikasimama. Akauliza Jumamosi kuna nini.

Hakuwa amesikia! Mjinga mimi! Nikamweleza yote, mpaka saa ya kuanza.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala nimeamua kusema kweli mbele ya watu wote. Nimeandika hotuba, ukurasa mzima. Firdaus ameisoma, akasema imeanza vizuri, ila jina la Adyero halimo. Nimeliongeza. Saa kumi nimelifuta. Lilikuwa linaharibu mstari.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukumbi ulijaa mpaka nje. Princesse akanisogezea maikrofoni. Nikasema kwamba siku ile nilisaidiwa na mtu. Watu wakapiga makofi: unyenyekevu ulioje! Nikainama kushukuru. Nilipoinuka, Adyero alikuwa mbele ya mashine, mkoba begani.

Alicheza vilevile kama zamani, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Alipoipita rekodi akaachia kijiti, nyuki wakamla. Kisha akabonyeza A. D. Y. Polepole. Safari hii mikono yangu niliitia mifukoni.

Princesse akamwuliza alijifunzia wapi. Nikafumba macho.

"Hapa hapa," Adyero akasema. "Zamani."

Basi. Hakunitaja. Afadhali angenitukana! Alipopita karibu nami nikamwambia hongera. Lile neno jingine likakwama tena, kama mwiba wa samaki. Akasema nimsalimie Firdaus, akatoka. Nimemtazama mpaka kona. Hakugeuka, na kwa nini ageuke?

Jumapili, 10 Agosti
Nimeketi kumwandikia barua. "Mpendwa Adyero," nimeandika, nikalia. Kweli, nimelia, machozi yamedondoka kwenye karatasi. Nilikuwa nimefika "miaka hii yote" Mushagalusa alipoingia kuuliza kama namfahamu yule mama.

Nikajikuta nasema mimi ndiye niliyemfundisha.

Amenikumbatia! Amesema ndiyo maana jana sikutikisika hata kidogo. Mwalimu hamwonei mwanafunzi wake wivu. Ameniomba niwafundishe na wengine.

Karatasi ilikuwa moja tu. Nimeigeuza upande wa pili nikaandika tangazo: MWALIMU MAFTAH, MAFUNZO YA MASHINE, NJOONI. Kufikia saa tisa wamejiandikisha watu sita, mmoja wao askari polisi. Tunaanza kesho asubuhi.

Namwomba Mungu angalau mmoja wao awe anajua kucheza.