Kipaza Sauti Changu Hakitoki Mkononi

Jumapili, 7 Septemba

Ushindi! Jana mchana lori la maziwa lilipita kwenye taa za kuongozea magari likapiga honi mpaka vioo vya benki vikatetemeka. Sisi wa chama cha bluu tulikuwa kona yetu kama kila Jumamosi, mbele ya benki, na bango letu: PIGA HONI KAMA UNAPENDA DEMOKRASIA. Wekundu, wa chama kile kingine, walikuwa ng'ambo, mbele ya kituo cha mafuta, na lao: PIGA HONI KAMA UNAPENDA UHURU. Pande zote mbili tukashangilia. Jirani yangu Roland Buchholz, kiongozi wa Wekundu, akavua kofia akamwinamia dereva kana kwamba amemzaa yeye. Upuuzi! Honi ile ilikuwa yetu. Niliisikia kwa masikio yangu.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Kamati yetu ya kona ikaenda kula nyumbani kwa Gwendolyn Pruitt, kila mtu na chungu chake cha chakula. Gwendolyn alikuwa mwalimu wa muziki Chicago, akastaafu, akahamia hapa Tamarack Falls na maoni yake yote. Kabla sijamaliza saladi ya viazi akasema, kwa upole ule wake wa kuudhi, kwamba kamati ina tatizo. Theluji ilipoyeyuka tulijaza kona nzima, watu wakakanyaga hadi maua ya benki. Sasa sote tunatosha ndani ya gari lake moja. Anadhani sababu ni kipaza sauti. Kipaza sauti changu! Eti kinafukuza watu. Eti kuna mama alivuka barabara wakati magari yanapita ili anikimbie mimi. Anataka Jumamosi ijayo tupige kura palepale konani: yeye awe mwenyekiti, kipaza kistaafu, na sisi tuimbe.

Tuimbe! Washington inaungua, yeye anataka tuimbe!

Kamati hii niliianzisha mimi, Delmar Tollefson, peke yangu, kwenye mvua ya barafu. Tangu nitoke kiwanda cha jibini hakuna mtu mwingine anayelazimika kunisikiliza. Kipaza hakitoki mkononi mwangu. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamka na akili. Nimeazima maktaba kitabu cha kuendesha mikutano, kinene kama tofali. Kumbe silaha ilikuwa humo siku zote! Hoja ikitolewa na asipatikane mtu wa pili wa kuiunga mkono, inakufa palepale. Haijadiliwi, haipigiwi kura, inazikwa.

Nikaongeza kanuni yangu: anayeunga mkono lazima awe amesimama kwenye taa zile Jumamosi zisizopungua tatu. Marafiki wa Gwendolyn wote ni wa juzi, wametoka kwaya ya kanisani, wamekuja mara moja na wakalalamika miguu. Nimewapigia simu wanakamati mmoja mmoja. Wote wamekubali. Hata Gwendolyn! Amesema ni kanuni nzuri sana. Sikuipenda sauti yake.

Nimemsomea mke wangu Verna kanuni hiyo jikoni, kwa kipaza. Ameniomba nikiweke chini, supu inafurika. Halafu akauliza, na hoja yako wewe ataiunga mkono nani? Nimecheka sana.

Jumanne, 9 Septemba

Vita vya mabango uani. Asubuhi Roland ameweka bango jipya kwenye nyasi zake, refu kuliko mlango. Kabla ya chakula cha mchana nikaweka langu, refu kuliko lake. Nilitumia ngazi ninayomiliki pamoja naye, tuliyonunua mnadani zamani tulipokuwa bado tunakwenda kuwinda paa. Alasiri upepo ukavuma, bango langu likaangukia kinyumba chake cha ndege.

Roland akaja kwenye uzio. "Delmar, ndege hawana chama, bwana wee!"

Nikamwambia wakati umefika wachague. Akacheka mpaka akashika mbavu. Linaloniudhi kwa mtu huyu ni kwamba hanichukii inavyostahili.

Kisha akasema amesikia wanataka kunipindua. Mji huu! "Wakikutoa, jirani, mimi nitampigia nani kelele Jumamosi? Yule mama wa nyimbo? Nikimzomea ananitabasamia!"

Nimemwambia ashughulike na kona yake. Ameniachia ngazi, akaenda kukusanya mbao za kinyumba chake.

Jumatano, 10 Septemba

Mtu wangu wa kuniunga mkono nimeshampata. Ni shemeji yangu Gaylen, kaka yake Verna. Amesimama konani Jumamosi nyingi, ingawa kila mara alifuata donati. Nikamweleza kwamba demokrasia inamhitaji. Akauliza demokrasia itakuwa na chakula gani. Nikamwahidi soseji.

Hapo wazo likanijia. Kwa nini Gaylen peke yake? Mji mzima ule soseji! Watu wakiwa na soseji ya Delmar mkononi, nani atathubutu kumwondoa Delmar? Nimebandika matangazo dukani, posta na pale wanapouza chakula cha ng'ombe: SOSEJI ZA BURE! JUMAMOSI SAA SITA MCHANA, KWENYE TAA!

Verna akauliza mbona sikutaja kona. Nikamwambia watu wana akili zao, watajua.

Ijumaa, 12 Septemba

Fedheha. Naandika kwa sababu historia itanisafisha.

Jioni mimi na Verna tulikwenda baa kula samaki wa kukaanga, kama mji mzima unavyokwenda kila Ijumaa. Kuingia tu, namwona Gwendolyn anapita meza kwa meza. Hagusii siasa hata kidogo! Anauliza mama yako anaendeleaje, goti lako limepona, mtoto amerudi chuoni? Hata Wekundu wanamvutia kiti. Hiyo ni hila ya hali ya juu, nimeitambua mara moja.

Nikachukua kipaza chini ya meza. Nilikusudia kusema sentensi moja tu. Nikafika neno "Wananchi". Mhudumu akaangusha sinia zima la saladi ya kabichi, mzee mmoja akakwamwa na mwiba wa samaki, na mwenye baa akanishika kiwiko akanisindikiza nje kwa adabu. Nikakaa garini na njaa yangu. Kupitia dirishani nikamwona Verna anakula samaki wake, kisha samaki wangu. Gwendolyn akaketi kwenye kiti changu. Wakazungumza muda mrefu, Verna akiitikia kwa kichwa.

Mapishi, bila shaka.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitayaandika yote kama yalivyotokea, hata yale yasiyonipendeza.

Watu walikuja! Kona ya benki haijapata kufurika hivyo tangu izaliwe. Nikasimama mbele ya jiko la mkaa, koleo mkono mmoja, kipaza mkono wa pili, moshi machoni, raha moyoni. Kisha nikaanza kuzitazama kofia. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Wekundu wote wamevuka barabara na mabango yao kwapani! Roland alikula mbili, akasifu haradali yangu, akarudi kona yake akijilamba vidole. Gaylen alikula nyingi kuliko wote, akaingia kwenye pikapu yake, akapandisha vioo, akalala. Nilimwita kwa kipaza. Akageukia upande wa pili.

Gwendolyn akatoa hoja yake: Delmar ashukuriwe kwa kazi yake, apumzike, kipaza kihifadhiwe. Nikatabasamu. Nikauliza taratibu, nikiwatazama wanakwaya mmoja mmoja, nani anaunga mkono?

"Naunga mkono."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Verna! Mke wangu, na chupa yangu ya kahawa mkononi! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamesimama konani na mimi.

Nikamuuliza kama ametimiza Jumamosi tatu. Watu wakaguna. Verna hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. "Delmar, nimesimama hapa kila Jumamosi nakushikia kahawa. Ulikuwa hunioni? Nyumbani unaniomba chumvi kwa hicho kitu. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na tarumbeta."

Watu walicheka. Mimi iliniuma, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Iliniuma sana.

Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nikatoa hoja yangu mwenyewe: Delmar Tollefson abaki mwenyekiti. Nani anaunga mkono? Nikazungusha macho. Walikuwa wanatazama viatu vyao, soseji zangu tumboni mwao! Nikauliza tena. Pikapu ya Gaylen ilikuwa inakoroma.

"Naunga mkono!"

Ng'ambo ya barabara. Roland, amekunja viganja mdomoni.

Mwanakwaya mmoja akasema huyo si mwenzetu. Gwendolyn akaomba kanuni isomwe, na nikaisoma mwenyewe: yeyote aliyesimama kwenye taa zile Jumamosi zisizopungua tatu. Kona haikutajwa. Roland hajakosa Jumamosi hata moja tangu nianze mimi. Gwendolyn akasema kanuni ni kanuni, mkono wa Bwana Buchholz ni halali, basi mwenyekiti aupokee ili tupige kura.

Wote wakanigeukia. Neno moja tu. Ningesema "umepokewa" na hoja yangu ingepona, na kwa soseji zile kura huenda ningeshinda. Roland alikuwa ananitazama kutoka kule, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Nikainua kipaza. "Siungwi mkono na Mwekundu! Sasa wala milele!"

Lori la maziwa likapiga honi. Pande zote mbili zikashangilia.

Hoja yangu ikafa. Ya Gwendolyn ikapita. Nikampa kipaza, akatoa betri, akakifunga kwa leso yake, akaniambia asante kana kwamba nimempa mtoto. Kisha wakaimba. Wekundu waliujua wimbo wakaitikia. Magari yakapiga honi kuliko siku zote. Nchi imekwisha.

Nikaondoka kwa miguu. Roland akanifuata na gari polepole. "Panda, mpumbavu wewe." Nikakataa mpaka kanisani, ndipo mvua ikaanza. Nikapanda.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetafakari kwa kina na nimeliona kosa langu. Kanuni zilikuwa legevu mno.

Basi leo nimeunda kamati mpya. Ina kona yake, ya tatu, mbele ya duka la viatu lililofungwa. Kipaza kipya nimeshakiagiza, na hiki kina king'ora. Verna ameuliza king'ora ni cha nini. Nimemwambia uanachama wake umesimamishwa. Akasema afadhali, akanipa kahawa, na tukainywa pamoja barazani bila kusema, jambo ambalo hatujafanya siku nyingi. Kahawa ilikuwa tamu. Nilitumia muda huo kuboresha kanuni: sasa kila hoja itahitaji watu wawili wa kuiunga mkono. Wasaliti hawatapenya!

Alasiri nimekwenda kutundika bango. Roland alikuja kunishikia ngazi. Sikumshukuru, ni adui. Nilipofika juu kabisa nikatoa hoja ya kwanza ya kamati kwa mdomo mtupu: mimi niwe mwenyekiti. Nani anaunga mkono?

Barabara ilikuwa tupu. Roland akatazama huku, akatazama kule, akaachia ngazi, akainua mikono yote miwili.

Nikamfokea kwamba mikono miwili ya mtu mmoja haihesabiki, na huku ngazi inayumba. Kanuni hiyo nitaiandika kesho, mguu ukipungua uvimbe.