Udongo Wangu Unahamia kwa Herman

Sumbawanga

Kwa Baba Mkubwa Clemens,
Mgawaji wa mashamba ya marehemu Babu.

Shikamoo. Naamini hujambo, na kwamba lawama za ugawaji hazijakuondolea usingizi.

Ulinipa shamba la ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, ukampa mdogo wangu Herman la mpunga, chini yake, katika Bonde la Rukwa. Nilishukuru. Lakini kwa kuwa nilisomea miamba chuo kikuu, naomba kulalamika, ingawa hitimisho langu huenda lina kasoro.

1. Ardhi yetu haijatulia. Huku juu inainuka, bonde linazama, na mteremko unazidi kuwa mkali. Kila mvua inauchukua udongo wangu na kumpelekea Herman.

2. Nalima kwa intumba, yale matuta ya kufukia nyasi aliyotufundisha Bibi. Nyasi nafukia mimi, mpunga unastawi kwa Herman. Nilipomweleza, alicheka: "Dada, udongo hauna kitambulisho. Uite basi, tuone kama utaitika!"

3. Tope linalompita Herman linatua ndani ya Ziwa Rukwa. Kwa hiyo hata kambale wa huko, kwa kiasi fulani, wanakaa kwangu.

4. Bonde likiendelea kupasuka, huenda baada ya mamilioni ya miaka bahari ikaingia. Mashapo ya sakafu yake yatakuwa shamba langu. Naomba niandikwe mrithi wa sakafu hiyo mapema, kabla Herman hajaoa.

Kanuni ninayopendekeza ni moja: udongo uwe mali ya mahali ulikotoka, si ulipotua. Kwa kanuni hiyo, shamba la Herman ni langu.

Nisalimie Mama Mkubwa Coleta, wajukuu, majirani wote, na Herman mwenyewe, popote alipokanyaga mali yangu.

Mwanao mtiifu,
Epifania

N.B. Leo nimechimba shimo nikupatie udongo wa ushahidi. Chini ya tuta nimekuta kokoto za mtoni, laini, za jiwe lisilopatikana huku juu. Jiwe hilo lipo upande wa Herman. Inaelekea kwamba kabla ya nchi kuinuka, mto ulitoka huko ukaja kumwaga huku. Kwa kanuni yangu, basi, shamba langu ni la Herman.

Nimezifukia tena. Ugawaji wako, Baba Mkubwa, ulikuwa wa haki kabisa. Nakala ya barua Herman aliichukua asubuhi. Nyongeza hii hana, nami nakusihi asiipate.