Malalamiko Kuhusu Programu ya Pili na Sanduku la Spika la Mzee Nkuba

Fundi Halfani Muhidini,
Ipogolo, Iringa.
14 Septemba 1976

Mhariri,
Jarida la Mkono wa Fundi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni seremala wa hapa Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa. Jarida lako nalisoma tangu toleo la kwanza, wala sikunung'unika hata mlipochapa picha ya randa miguu juu. Leo nanung'unika.

Katika toleo la Mei mlitutangazia kwamba masanduku ya spika yasikatwe tena kwa kukisia. Mlisema katika ofisi moja kubwa huko Dar iko mashine ya hesabu iitwayo kompyuta, na rafiki yenu afanyaye kazi hapo ameitungia programu mbili, yaani maagizo ya kukokotoa vipimo vya sanduku. Programu ya Kwanza ni ya sanduku lililozibwa pande zote. Ya Pili ni ya sanduku lenye tundu. Fundi ajaze fomu, achague programu moja, atie stempu. Nilitia. Yaliyonipata ni haya:

1. Hamkumwambia mtu achagueje. Spika yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Nkuba, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na alikuwa anamwoza binti yake Kashindye. Alinipakatisha ile spika ya inchi kumi na mbili kama mtoto mchanga, akasema, "Fundi, nataka jirani ambaye sikumwalika asikie, aumie." Kwa kazi nzito namna hiyo sikuthubutu kuchagua peke yangu. Niliitisha kikao karakana. Mke wangu Zuena alisema, "Ubao umenunua mzima, Baba Jaha, halafu unautoboa kwa sababu gani?" Mwalimu Selestini, anayefundisha hesabu na kuazima patasi zangu, alisema sanduku lisilo na tundu ni sawa na mtu aliyezibwa mdomo. Tulijadiliana siku tatu. Nikamfuata mwalimu kwa kuwa amesoma. Hadi leo Zuena hajaniruhusu nisahau.

2. Jibu la mashine lilikuja kwenye karatasi ndefu yenye mistari ya kijani, nzuri kupita cheti changu cha ndoa. Liliandikwa: upana 4.5, kimo 6, kina 3.5, tundu 1. Basi. Nne na nusu nini, Ndugu Mhariri? Taifa limehamia kwenye mita, lakini mbao zetu bado zinaongea futi. Kimo cha mita sita ni mnara. Kimo cha sentimita sita ni kibweta cha hereni. Ila futi sita ni kimo changu mwenyewe nikivaa viatu. Mwalimu Selestini alisema mashine haikosei. Nikakata futi.

3. Sanduku lilipokamilika halikupita mlangoni. Nilivunja ukuta wa karakana yangu, ambao marehemu baba aliujenga kwa mikono yake, na watu wanane wakalitoa. Dereva wa lori alilizunguka mara mbili, akauliza nani anahamia. Tulipofika Makambako, kwa baridi ile mnayoisikia tu huko pwani, abiria wawili wenye watoto wachanga walifungua ubao wa nyuma wa sanduku, wakaingia ndani wakajifunika kanga, na hawakutoka mpaka Chimala. Sikuwanyima. Lakini fundi hapaswi kufika kwa mteja wake huku kazi yake inanyonyesha.

4. Kijijini kwa Mzee Nkuba nyumba zimepangwa kwa mstari, na mwenyekiti wa kijiji ni mtu makini. Alituona tunaliteremsha uwanjani, akaingiza kichwa kwenye tundu, akakitoa.

"Nyumba haikai nje ya mstari," alisema.

"Hii ni spika, mwenyekiti."

"Mbona ina dirisha?"

Dirisha kweli lilikuwepo, na nimelikata mimi. Ikabidi tulisogeze mpaka kwenye mstari. Uso wa sanduku ukaangalia zizi la ng'ombe, na wageni wakaangalia mgongo.

5. Hapa ndipo naomba uweke chai yako chini. Saa nane mchana, watu wamejaa, tuliunganisha amplifaya na betri ya gari. Malimi, ndugu yake Mzee Nkuba, alishika kipaza sauti amtaje bibi harusi na ukoo wake hadi babu wa tano. Alitaja wote. Kilichotoka sandukuni ni mngurumo mmoja mrefu, mzito, wa kutoka tumboni. Wageni walitazamana. Zizini alisimama dume la Mzee Nkuba, aitwaye Bwana Shauri, ambaye tangu wahamie huko hajawahi kusikia dume mwingine akimjibu. Safari hii alisikia, tena ametukanwa mbele ya wake zake. Alitoka na mlango wa zizi shingoni. Malimi alikimbia na kipaza sauti akiwa bado anaita "Mama yangu!", na hilo pia sanduku likaligeuza mngurumo. Pembe iliingia kwenye plaiwudi yangu mpaka kwenye shina, na sanduku likalala chali.

Bibi harusi ndiye aliyenyanyuka. Kashindye alishika gauni kwa mkono mmoja, akaenda akimwita dume kwa jina taratibu, akamshika sikio, akamrudisha zizini. Ndipo wanawake walipoanza kuimba kwa vinywa vyao, wanaume wakapokea, na harusi ikaendelea hadi jua likazama bila waya hata mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya sanduku, nikiokota vipande. Nimekuwa fundi miaka kumi na tisa, na siku hiyo nilitamani ningekuwa muuza vitunguu.

Kashindye alinifuata kabla hawajaondoka. Alisema, "Fundi, tangu asubuhi nalia kwa kumwacha mama. Wewe ndiye umenichekesha." Baba yake naye alinishika mkono. "Harusi ya binti yangu itasimuliwa bonde zima," alisema. "Lakini usirudi."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nadai mambo machache tu ya haki. Mashine hiyo iletwe Ipogolo, ikae kwangu miaka miwili kama mwanafunzi, ifagie maranda na kunoa misumeno kabla haijapewa tena ruhusa ya kumchorea mtu kitu. Programu ya Pili iandike barua ya kuomba radhi kwa Bwana Shauri. Nawe uje mwenyewe unijengee ukuta, kwa vipimo vya futi.

Wasalimie wapiga chapa wote, pamoja na huyo rafiki yenu. Mwalimu Selestini anawasalimu, ingawa sijamwambia naandika.

Ni mimi msomaji wako, ambaye bado nalipia jarida,
Halfani Muhidini.

N.B. Zuena ameisoma barua hii sasa hivi, akaenda jikoni, akarudi na karatasi nyingine ya mistari ya kijani. Anasema ilikuwa ndani ya bahasha ileile, nami nilimpa awashie jiko, ila akaiona nzuri akaitandika kabatini chini ya vikombe. Ni ukurasa wa pili. Umeandikwa: "Vipimo vyote ni desimita, yaani sentimita kumi kumi. Sanduku hili hubebwa na mtu mmoja." Zuena anasema nisiitume barua. Lakini stempu nimeshailamba.