Boila, Kuku na Ngazi Tano

Jumatatu, 6 Mei

Barua! Mkaguzi wa njia za matembezi anakuja Ijumaa, na yeye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Ataanzia getini, atafuata ziwa hatua mia nane hadi kwenye boila, tangi la chuma la meli ya kwanza ya mvuke, lililohifadhiwa kama kumbukumbu. Njia isipofaulu, nanyang'anywa usimamizi, na nyumba ya getini inakwenda na kazi. Humo tunaishi mimi, mke wangu na mama mkwe. Uani wako kuku kumi na wanne.

Kwenye ripoti niliandika kwamba njia yote ni tambarare. Kweli kabisa! Isipokuwa zile ngazi tano za mwisho. Mbao za kuzifunika kwa mteremko nililetewa tangu mwaka jana. Mbao nzuri mno. Nikazijengea banda la kuku.

Filimbi, mwokozi wa waogeleaji, kapita dirishani mara tatu akiichungulia nyumba. Mara ya tatu akauliza kama bomba letu la jikoni linavuja. Anaitaka nyumba, anapima vyumba, mnafiki yule!

Jumanne, 7 Mei

Nimepata wazo. Kama mtu hawezi kuifuata historia, basi historia imfuate mtu! Nimeking'oa kibao cha maelezo kule kwenye boila nikakisimika huku kwenye tambarare, karibu na choo. Kinasomeka: HAPA NDIPO MELI ILIPOTIA NANGA. Ziwa lenyewe liko mbali kidogo, nyuma ya matete. Nani atauliza?

Jumatano, 8 Mei

Majaribio. Nimemwomba mama mkwe nimsukume kwenye kiti chake, anachotumia tangu avunjike nyonga. Mambo yakaanza vizuri ajabu. Changarawe zimeshindiliwa, magurudumu yanateleza tu. Ndege mdiria akapiga mbizi mbele yetu akaibuka na samaki, mama akacheka kwa sauti. Miaka minne naishi naye, sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nikajiona mtu mwema.

Tukafika kwenye kibao. Akakisoma. Akakitazama choo. Akauliza kama meli ilitia nanga humo. Nikasema maji ya ziwa hupungua, mama. Akasema hata akili hupungua.

Akataka kuliona boila lenyewe. Nikamweleza habari za ngazi. Akauliza mbao zilikwenda wapi. Nikamwonyesha mdiria mwingine. Tuliporudi nyumbani akalitazama banda la kuku ubao kwa ubao, nami nikajifanya natafuta ufunguo.

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkwe kamwita Filimbi uani, wamenong'ona nusu saa. Mke wangu naye kasogea, wamenong'ona watatu. Nimeuzwa na watu wa nyumbani mwangu! Nimefungasha viatu vyangu vizuri, ili nisije nikavisahau.

Ijumaa, 10 Mei

Saa kumi jioni.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mwenye mikono ya mpiga makasia. Alikataa kusukumwa. Kwenye kibao akasimamisha kiti. Akasema baba yake alikuwa fundi wa boila lile, na yeye akiwa msichana alikuwa akimpelekea chakula kila mchana. Choo, akasema, yeye hakikumbuki. Maji yakanifika shingoni. Nikaanza kueleza habari za kupungua kwa ziwa.

Ghafla, mlio wa filimbi! Inatoka mbele, kwenye ngazi. Tukaifuata. Mama mkwe kakaa kwenye kiti chake kama kamanda, Filimbi kashika mbao, mke wangu anapigilia msumari wa mwisho. Mteremko! Ubao wa pili ungali na manyoya ya kuku. Mama mkwe alikuwa ameshaujaribu mteremko mara mbili.

Mkaguzi akashuka, mimi na Filimbi tukimshikilia kwa nyuma. Akaweka kiganja kwenye chuma cha boila. Mama mkwe akasogea akamshika mkono. Machozi yakanilenga. Nikasema ni vumbi la banda.

Njia imefaulu! Sharti nikirudishe kibao, na ujengwe mteremko wa saruji. Nimeshusha pumzi niliyoivuta tangu Jumatatu. Kazi ipo, nyumba ipo, mama mkwe yupo. Filimbi anasema wiki nzima alikuwa anataka kuazima spana tu, bomba la kwake linavuja. Nimempa, lakini namtazama.

Kuku wako bafuni.

Jumatatu, 20 Mei

Saruji imeletwa, mifuko kumi na miwili. Mama mkwe amesema leo wahame kuku au nihame mimi.

Nimezipima ngazi upya, kwa makini. Kwa maoni yangu mifuko saba inazitosha kabisa. Funzo nimelipata, sikatai: kosa langu lilikuwa mbao. Banda la saruji, nani ataling'oa?