Chelangat Atakimbia, Mimi Nitabeba

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimejiandikisha. Mbio za ndani, Bungoma, Jumamosi ya tarehe 22. Ndani ya ghala la mahindi lililo tupu! Awamu tano. Kila awamu unazunguka ghala kwa kilomita moja, kisha kazi ya nguvu: kuvuta tairi la lori, kubeba mitungi ya maji, kuruka kichura, kutembea na gunia la mchanga begani, kurusha mpira mzito ukutani mara hamsini. Unashindana peke yako au wawili wawili.

Sababu ni moja. Kimaiyo, mwenye jimu iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale, anafungua darasa la mazoezi la asubuhi la wanawake mwezi Januari. Anatafuta wa kuliongoza. Amesema atachagua kwa macho yake mwenyewe, huko Bungoma. Mimi nina shahada ya takwimu na miaka miwili nyuma ya kaunta ya mama, nikiuza mbegu na mbolea. Jana mama alisema ataninunulia kiti kipya cha kaunta, chenye mgongo, kitakachonitosha hadi uzeeni. Alisema kwa upendo. Nilikosa usingizi.

Linah naye analitaka darasa hilo. Mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bumula, mikono kama ya fundi chuma. Anaingia peke yake. Leo kwenye ngazi za jimu alinicheka mbele ya watu. Ati Nduta bana, wewe hubeba mipango tu, mzigo hujawahi.

Nimesoma sheria mara nne. Wawili wanaweza kugawana kazi wapendavyo, mradi wavuke mstari wa mwisho pamoja. Wapendavyo! Linah hajasoma sheria. Linah anabeba vitu tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata mwenzangu. Chelangat, wa duka la dawa karibu na soko. Mrefu, mwembamba, kwao ni mlimani Elgon, kunakotoka wakimbiaji. Kitakwimu, suala limekwisha. Sikumuuliza kama anakimbia. Ningemkosea heshima.

Aliniambia alikuwa akinifikiria mimi pia. Amekuwa akituona dukani, magunia yakipanda na kushuka kutwa nzima. Alisema watu wa kwetu huzaliwa na gunia mgongoni. Sikumwambia kwamba magunia yanabebwa na Kabiru, kibarua wetu, na kwamba mimi huandika risiti.

Tumekubaliana: Chelangat atakimbia, mimi nitabeba. Nikapendekeza kila mtu ajifue kivyake, tusichoshane. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nidhamu ya wanariadha hiyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejaribu kuinua gunia la mbolea. Kilo hamsini. Liliinuka kidogo upande mmoja, kisha tukaanguka wote wawili, mimi chini. Wateja watatu walikuwapo. Mmoja aliuliza kama bei bado ni ileile.

Kabiru alinitoa. Alisema, madam, gunia halitaki hasira, linataka magoti. Mama akasema nikivunjika mgongo, kile kiti kitafaa zaidi.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa nimejaza pumba ndani ya gunia la mbolea. Pumba tupu, mtoto wa darasa la pili angelibeba. Nimelitupa begani, nimekunja uso, Kabiru amenipiga picha. Nimemtumia Chelangat.

Alijibu kwa picha yake: ameshika kombe kubwa linalong'aa, anatabasamu. Hakuandika lolote. Mabingwa hawajielezi.

Nimelala nikiwa na amani. Nilikuwa nimeshachagua nitakachowaambia wanawake siku ya kwanza ya darasa. Kinaanza na takwimu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua wiki nzima. Kitale yote ni tope. Nilipita duka la dawa kununua dawa ya kuchua mgongo (nilisema ni ya mama). Viatu vya Chelangat vya mazoezi vilikuwa chini ya meza, vyeupe kabisa. Hata nyayo! Siku nane za mazoezi, mji umejaa tope, viatu vyeupe.

Inaonekana anakanyaga kwa wepesi wa ajabu.

Jumatano, 19 Novemba

Kimaiyo alitaka kutuona tukifanya mazoezi pamoja. Nikasema Chelangat amezidiwa na kazi. Chelangat, bila kuulizwa na mimi, alikuwa ameshamwambia kwamba mimi nimebanwa na kazi. Kimaiyo alitutazama kwa zamu. Alisema sawa, lakini ghalani hakuna pazia.

Linah alikuwa akipanda ngazi na mfuko wa mchanga kila bega. Hakuwa akihema. Nilimsalimia kwa huruma. Kilomita tano atazikimbia mwenyewe, maskini, na hana mtu.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika nikiwa nimelala chali. Kalamu ni nzito.

Kimaiyo alitupeleka kwa pikapu yake. Ghalani kulikuwa na vumbi la mahindi na watu zaidi ya mia, nusu wakipiga chafya. Filimbi ikalia. Chelangat akaondoka. Nikajisemea, tazama sasa.

Aliondoka vizuri sana, hadi nguzo ya tatu. Hapo akaikumbatia.

Nilimfuata. Nikamuuliza ni mguu? Ni tumbo? Alisema, kwa pumzi alizobakiwa nazo, Nduta dada yangu, ni kukimbia kwenyewe. Yeye amekulia hapa mjini. Baba yake ni kinyozi. Elgon wanapanda Desemba kula nyama na kushuka. Nikamuuliza kuhusu kombe. La kukariri mistari ya Biblia, mwaka 2014. Aliongeza kwamba alikuwa wa kwanza kaunti nzima.

Akasema hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alijua mimi nina nguvu za watu wawili. Aliona picha.

Sikuwa na nafasi ya kumweleza habari za pumba. Linah alikuwa ametuzunguka mara mbili. Nikakimbia.

Nilikimbia kilomita zote tano, ukitoa zile nguzo tatu. Tairi nilivuta mimi. Mitungi nilibeba mimi. Nilipofika kwenye gunia nilikunja magoti na likapanda, sijui kwa nini, pengine mchanga wa Bungoma ni mwepesi. Chelangat alipewa kiti na mzee wa ulinzi, akakaa katikati ya ghala na kuanza kunipigia kelele. Nduta, inua! Unaiogopa hiyo gunia kama mama mkwe! Kisha akawageukia wengine. Wewe wa kijani, si uruke, ama unangoja chai? Wewe shosho, wafunze hawa watoto! Wa kijani akaruka. Shosho, bibi mwenye mvi, akawapita watu watatu. Ghala zima likawa linakwenda kwa sauti yake. Kimaiyo alikuwa amesimama na daftari, akiandika. Nilijua ananiandika mimi.

Hatua thelathini kabla ya mstari wa mwisho nilimwita Chelangat tuvuke, lakini mguu wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa. Sheria inasema pamoja. Nikambeba begani. Ni mzito kuliko mchanga na anatikisika zaidi. Aliendelea kumwelekeza wa kijani akiwa huko juu.

Dakika sabini na tisa. Linah, hamsini na moja. Watu walipiga makofi tulipopita. Nadhani yalikuwa ya ganzi ya Chelangat.

Jumatatu, 24 Novemba

Darasa amepewa Chelangat.

Kimaiyo alituita sote juu. Alisema Linah ni hodari, lakini hajawahi kumsikia akisema zaidi ya maneno manne, darasa litalala. Chelangat naye, hata kama hawezi kufika nguzo ya nne, amewafanya watu mia moja wafanye kazi akiwa ameketi. Huyo ndiye kiongozi. Chelangat alilia, akanikumbatia, akasema ni kwa sababu yangu. Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Kisha Kimaiyo akanigeukia. Mbio nyingine ni mwezi wa tatu, palepale Bungoma. Chelangat atahitaji msaidizi wa darasa. Akaniambia niingie peke yangu. Alirudia: peke yako, Nduta, umeskia? Linah akanifuata hadi kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Umebeba mtu mzima, wewe. Unatafuta nani tena?

Nimewaza sana usiku huu. Nimewaelewa wote wawili. Wananiogopa, wanataka niwe bila mwenzangu.

Kiti kimeletwa. Ni cha rangi ya maziwa na kinazunguka.

Alhamisi, 27 Novemba

Kosa limepatikana. Mgawanyo wa kazi ulikuwa umepinduka! Kukimbia nimekimbia, hilo lina ushahidi. Kwa hiyo mwezi wa tatu mimi nitakimbia, mwingine atabeba. Kinachohitajika ni mtu wa mizigo.

Nimempata. Anaitwa Kang'ethe, wa duka la vifaa vya ujenzi chini ya jimu. Mabega mapana. Kila asubuhi namwona kando ya lori la saruji, kalamu sikioni, vijana wakipita mbele yake na magunia. Mtu aliyezungukwa na saruji namna hiyo kwa miaka sita hawezi kuwa dhaifu.

Nilimweleza mpango leo saa nne. Alisema mgongo unamsumbua tangu mwaka juzi, na daktari amemkataza hata ndoo ya maji.

Mnyenyekevu sana. Nimeshaandika jina lake kwenye fomu.