Kulificha Gazeti la Wilfred

Jumatatu, 6 Juni 1994
Dada Rosa, shikamoo. Wilfred mzima, Upendo mzima kasoro mafua, baba yao mgongo uleule, mbuzi amezaa. Mimi tu ndiye nisiye mzima. Ulisema hofu ikinikaba niandike, nikutumie Turiani kwa basi. Haya. Wilfred kaandika kwenye gazeti lao, Mwangwi, kwamba diwani kala saruji ya shule. Na jina lake chini, herufi nene! Eti siku hizi magazeti ya watu binafsi ruksa kusema. Pingu je, zimebadilika?

Jumanne, 7 Juni
Nimepata dawa. Gazeti lisiposomwa, nani atamkamata? Alfajiri nimemwahi Mwinshehe, muuza magazeti wa sokoni, nikanunua yote. Kaniuliza, Mama Wili, kusoma kumekukolea uzeeni? Kuyachoma nimeona dhambi, karatasi nzuri vile. Nimefungia vitumbua vyangu vya kuuza.

Jumatano, 8 Juni
Mungu wangu! Soko zima linakula na kusoma! Askari mmoja kaongeza kitumbua apate mwisho wa habari. Mara diwani mwenyewe. Kala vinne, kafunua karatasi, kasoma, kajifuta mdomo kwa jina la mwanangu. Kasema, mama, vitumbua vyako vitamu, karatasi yako chungu. Nimejifungia chooni mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 10 Juni
Sasa nayaficha uvunguni. Wilfred karudi anacheka. Eti Mzee Salum, mwenye gazeti, ameona Mwangwi linaisha mapema kila siku, kakopa karatasi wachapishe maradufu. Na Wilfred aandike makali zaidi! Nimeuza mbuzi na mwanawe niyamalize yote.

Jumatano, 22 Juni
Sina tena cha kuuza. Magazeti yamelundikana kwa Mwinshehe mpaka kiunoni. Na leo Mwangwi limekufa. Aliyewakopesha karatasi katia kufuli mlangoni. Mzee Salum analia, eti wasomaji wa Morogoro vigeugeu. Wilfred hataki kula. Nimempikia magimbi, nikalia naye. Moyoni nikasema, ahsante Mungu, mwanangu amepona.

Jumamosi, 25 Juni
Wilfred kapata kazi! Redio mpya. Atasema habari kwa mdomo wake, wamsikie hata wasiojua kusoma! Chungu kimeniponyoka. Lakini nimeshawaza. Wanatafuta mpika chai. Nitaingia, nione waya upi unatoa sauti nje. Dada, redio hiyo huko inasikika? Ikifika mbali hivyo, waya wake utakuwa mnene. Nijibu upesi, nijue kama kisu kitatosha.