Mifupa ya Mama Theonest

Alhamisi, 5 Juni 1975
Mfupa wa mkono umeunga, hogo, lile gamba la plasta, limetolewa. Kumbe ndiyo nimeingia matatani! Bibi Mwaisha, mtaalamu wa viungo anayekuja zahanati yetu kutoka Shinyanga, kasema uzee umeila mifupa yangu, nikianguka tena nyonga itavunjika. Nifanye mazoezi: nisimame mguu mmoja, niinuke kigodani bila kushika kitu. Mimi, mwenye wajukuu, nisimame kama korongo majirani wakiniona? Mwanangu Theonest naye kaapa: nisipofuzu kipimo cha Bibi Mwaisha wiki ijayo, ananihamishia mjini kwake. Kwa Esta, mkewe, anayefungia sukari kabatini! Sihami ng'o.

Jumanne, 10 Juni
Nimejaribu mguu mmoja, mlango nimefunga. Nikapepesuka, nikamkalia kuku. Mazoezi kwaheri! Nimepata akili. Bibi Mwaisha anahudumia watu wengi, sura hazishiki. Jirani yangu Generoza ni rika langu, ila kakakamaa kama mchi. Aende yeye kupimwa, ajiite mimi. Kakubali, kwa jogoo. Mroho huyu!

Alhamisi, 12 Juni
Generoza kafuzu. Lakini domo lake! Kisimani kawatangazia wote kuwa Mama Theonest amefuzu mazoezi.

Ijumaa, 13 Juni
Balozi wetu wa nyumba kumi, Maige, kaja kunipongeza. Eti mayu, mama yetu, umefuzu mazoezi na umenyamaza! Kwake yeye mazoezi ni ya mgambo tu, mengine hayajui. Kaniandikisha kikosi cha akina mama, gwaride la Saba Saba. Nikikana, Theonest atajua si mimi niliyepimwa. Nikakubali. Mayu wane!

Jumatano, 18 Juni
Kila alfajiri kushoto-kulia, fimbo begani, goti juu. Maige anatusimamisha mguu juu mpaka akohoe, na hakohoi! Generoza anapita na mtungi wake, anatucheka waziwazi.

Alhamisi, 3 Julai
Balaa! Theonest kaja ghafla, kanipeleka zahanati mwenyewe, eti ashuhudie nikipimwa. Bibi Mwaisha akauliza mama huyu ni nani. Theonest akanikazia macho. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaambiwa nisimame mguu mmoja. Nikasimama. Nikasimama mpaka Bibi Mwaisha mwenyewe akasema basi, mama, inatosha. Kigodani nikainuka mikono kifuani. Theonest kaduwaa, kasema nibaki kwangu. Nimelia kwa furaha.

Kumbe mifupa yangu haina neno! Na mazoezi ya yule bibi sikufanya hata siku moja. Waongo sana wataalamu hawa. Kesho namwomba Generoza akapige gwaride kwa jina langu, mimi nipumzishe mifupa.